Shemeji Zimamoto na Gari Lisilo na Sailensi

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie, na ukimaliza kunicheka naomba unisaidie tena. Mimi ni mwalimu wa udereva, huu mwaka wa kumi na tisa, kitambi changu kinazijua barabara za mji huu kuliko ramani, na kosa ninalokuletea nimelifanya nikiwa nimekaa kiti cha abiria, mkanda nimefunga.

Mdogo wake mke wangu anafua mashuka kwenye zahanati, na zahanati imemwahidi kwamba akipata leseni kabla mwezi haujaisha atakuwa dereva wa gari la kubebea wagonjwa, akikosa, nafasi anapewa mwingine, basi nikamwambia shemeji njoo, utafundishwa na bingwa, akaja, na kila tukifika njia panda, akiachia mafuta na kukanyaga klachi na breki kama nilivyomfundisha, gari linatetemeka kama mbuzi aliyenyeshewa, kisha linazima, nami namwambia, "Shemeji, mguu wako mzito," naye ananiuliza, "Shemeji, si nimefanya ulivyosema?" namjibu, "Mbona mimi halinizimii?" na kwa kuwa mdomo wangu hauna breki nikampachika jina la Zimamoto mbele ya wanafunzi wenzake, wakalidaka, hata mlinzi wa getini siku hizi anamwamkia, "Zimamoto, leo tunazima wapi?"

Mtihani wa kwanza gari likazima mbele ya mtahini, wa pili vilevile, ndipo nikalipeleka kwa fundi, si kwa kulishuku bali nipate shahidi, fundi akatega sikio akasema, "Mwalimu, gari yako haina sailensi," nami kwa usomi wangu nikaenda moja kwa moja kwa mtu wa mabomba ya moshi, nikafunga sailensa mpya, na kweli gari likawa kimya kama chumba cha mtihani, kimya kiasi kwamba sasa likizima hatusikii, shemeji anaendelea kukanyaga mafuta ya gari lililokwisha kufa.

Juzi nikajigonga kidole gumba cha mguu wa kulia kwenye kona ya kitanda, kikavimba kama kitunguu, siku hiyo nikaendesha kwa adabu, mguu kwenye mafuta nikitaka kwenda tu, na gari likanizimia mara tatu kabla ya kufika kazini, nikagundua kwamba miaka yote nikisimama huwa nakanyaga breki huku ubavu wa mguu ukichokonoa mafuta, bila mimi mwenyewe kujua. Nikarudi kwa fundi nikichechemea, nikamlalamikia kwamba sailensa ni mpya kabisa na shida ni ileile, akacheka mpaka akakalia tairi. "Sailensi, mwalimu! Sailensi! Injini kutulia ukiachia mafuta. Nani alikutuma kwenye eksozi?" Akafungua kivalvu kidogo, cheusi kwa masizi, akasema mgonjwa ni huyu.

Sasa shemeji amesema mtihani wa tatu hafanyi, udereva una wenyewe, na mtihani wenyewe ni tarehe ishirini na nane. Mke wangu sijamwambia. Nawaza fundi akisafishe kivalvu kimyakimya, mimi nimbembeleze shemeji arudi, gari likitulia adhani ni mguu wake umenyooka, afurahi, nami nibaki bingwa. Je, kuna ubaya?

Ni mimi, mwalimu wa kidole kilichovimba.

*

Mwalimu, pole ya kidole. Pole zangu zimeishia hapo, zilizobaki ni za shemeji yako.

Ubaya upo, na unaujua, ndiyo maana umeniandikia mimi badala ya kumwambia mkeo. Dereva akiachia mafuta, njia kubwa ya hewa inafungwa, lakini injini bado inataka kupumua. Hicho kivalvu kazi yake ni kuipa upenyo wa pembeni, pumzi ndogo ya kusubiria, na ukiwasha taa au kiyoyozi kinaiongezea kidogo. Kikikwama kwa masizi, injini inakabwa, inakufa. Kwa hiyo shemeji yako aliachia mafuta kama ulivyomfundisha, na gari likamwadhibu kwa utii wake. Wewe halikukuzimia kwa sababu huyafuati mafundisho yako mwenyewe. Mwanafunzi wako mtiifu kuliko wote ndiye uliyempa jina la kuchekwa!

Ukilitengeneza kwa siri atafaulu, sawa. Halafu siku moja gari la zahanati litatetemeka njia panda, mgonjwa yumo ndani, naye badala ya kulipeleka kwa fundi atasema, "Ni mguu wangu." Unataka hilo?

Basi sikiliza. Kesho asubuhi chechemea mpaka zahanati, mwenyewe, usimtume mkeo. Mwambie shemeji hivi, bila utangulizi: "Gari lilikuwa bovu, nikakulaumu wewe." Akikasirika, mwache akasirike, ana haki. Kisha nenda naye kwa fundi kabla kivalvu hakijaguswa. Akishike, masizi yamchafue vidole, akisugue kwa brashi na dawa kwa mkono wake, aone kilichomfelisha kina ukubwa gani. Na fundi asikudanganye kwa kukaza skrubu ili injini ingurume juu juu. Huko ni kuficha ugonjwa, na kuficha umeshaficha vya kutosha. Kikisafishwa kisipotii, kibadilishwe.

Likitulia, mpe usukani, mpite kila njia panda lilikomzimia. Wewe kaa kiti chako, mikono mapajani, mdomo umefungwa.

Kisha wakusanye wanafunzi walewale, na mlinzi wa getini awepo, uwaeleze kisa chote pamoja na ile safari ya eksozi. Jina ulilolipachika hadharani halibanduliwi jikoni. Watakucheka wiki nzima. Yeye amechekwa muda mrefu zaidi.

Gari lako lilikosa sailensi, mwalimu, lakini wewe umezidisha. Sema kesho hiyohiyo, ili tarehe ishirini na nane aingie kwenye mtihani akiujua mguu wake.

Na uharakishe. Walimu wa udereva wenye kidole kilichovimba si wengi mjini, na mkeo huenda anasoma gazeti hili.