Maji Yaliyolazwa Kabatini

Nyumbani,
Jumapili, 14 Agosti.

Mdogo wangu mpendwa,

Niwie radhi kwa kimya changu. Barua zako zote zimenifika na nimezisoma. Je, kifua chako kimepona? Na wanao hawajambo? Sisi ni wazima wa mwili, ila usingizi umetupungukia.

Nataka kukueleza habari ya kabati la Mkemia.

Unakumbuka kwamba mwanangu, Mkemia kama tulivyomwita, kabla hatujamzika, alikuwa akichanganya maji ya sigara za umeme kwa ajili ya duka alikofanya kazi. Maji mapya, alisema, yana ukali wa dawa. Yakikaa gizani na kutikiswa kila siku, ukali hupoa na ladha hukolea. Yeye aliita kazi hiyo kuyalaza. Nilimwambia kuwa neno sahihi ni kuvundika, kama watu wavundikavyo ndizi. Akanicheka: "Mzee, ndizi huoza."

Chupa zake za mwisho bado zimo kabatini, ukumbini, karibu na chumba chake na mkewe. Maji yaliyokuwa meupe sasa yana rangi ya chai. Yanaendelea kuiva bila yeye, na harufu ya vanila na tumbaku inapenya nje. Ni harufu ya shati lake. Ikija wakati wa kula, kila mtu hujifanya anatafuta chumvi.

Juzi asubuhi nilisikia chupa zikitikiswa, kisha kimya, kisha zikitikiswa tena, kama alivyozoea. Nikamwita kwa jina kabla akili haijanirudia. Kumbe ni mama yake, shemeji yako, yeye asiyependa hata moshi wa kuni. Akaniambia bila kugeuka, "Anayalaza. Nisipoyatikisa yataharibika." Maisha yangu yote nimesahihisha nyakati za vitenzi vya watu, hapo sikusahihisha kitu.

Hilo ningelivumilia. Lakini mjukuu wetu ameanza kusimama, na wiki hii mama yake alimkuta ameshika chupa, kifuniko kimelegea. Maji yale ni sumu kwa mtoto. Nilitia kufuli siku ile ile. Ufunguo anao shemeji yako. Mkwe wetu, ambaye si mtu wa maneno mengi, hakuridhika.

"Baba, kufuli halizuii harufu," aliniambia. "Mimi nalala ukuta mmoja nayo. Zitoke chupa, au nitoke mimi na mtoto."

Mwenye duka yuko tayari kuzichukua. Anasema sasa ndipo maji yameiva barabara. Shemeji yako naye anasema atakayezigusa atakuwa amemzika mwana wetu mara ya pili.

Wewe ni baba mdogo wa Mkemia, nishauri upesi. Jumamosi mwenye duka atabisha hodi, na mimi ndiye nitakayefungua mlango.

Msalimie mkeo, Mkunga wetu, na binti yako Kasuku. Wa hapa wote wanakusalimu. Mwenyezi Mungu akutunze huko ugenini, na mjukuu huyu asitoke mikononi mwetu. Nikishaamua, nitakuandikia siku hiyo hiyo.

Ndimi kaka yako, ambaye upendo wake kwako haujapungua.