Chai Isiyopita Motoni

Nyumbani, chumba cha cherehani,
Jumapili, baada ya chakula cha mchana.

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu zangu zikukute mzima, wewe na wifi yangu. Mgongo wako unaendeleaje na baridi ya huko? Sisi huku miili haijambo. Goti la mama bado linamsumbua ila anakula vizuri, shemeji yako yuko safarini na lori lake, na mimi macho yameanza kugoma kutunga uzi kwenye sindano. Nimesema miili. Mengine ndiyo yaliyonishikisha kalamu, maana simu haina siri katika nyumba yenye kuta nyembamba kama hii.

Ni habari za binti yako. Unajua mama alivyomngoja. Siku aliyofika, mama alishinda jikoni tangu alfajiri, na goti lake hilo hilo. Binti akasalimu vizuri, akakaa, kisha akaisogeza sahani pembeni taratibu na kusema kwamba yeye hali kitu kilichopita motoni wala kilichotoka kwa mnyama. Alisema kwa adabu, sikatai. Mama akajibu, "Sawa, mjukuu wangu," akaifunika sahani, na tangu hapo hakumwambia neno zaidi ya salamu. Wanasema mgeni njoo mwenyeji apone. Huyu wako alikuja mwenyeji akaugua. Ungetudokeza mapema, mdogo wangu, ungepungukiwa nini?

Alhamisi akaniomba nimsindikize kubadilisha tiketi arudi mapema. Begi alishalifunga. "Bibi hanipendi, Shangazi," akasema, na sauti yake ilikuwa yako kabisa, ile ya kununa. Nikamwambia asubiri, kwanza atafute jambo dogo la kumfanyia bibi yake. Akafikiri, akasema Bibi anapenda chai, basi atamtengenezea chai. Nikamshukuru Mungu mapema mno.

Chai yenyewe ni ile baridi ya Kithai aliyokuwa akinywa karibu na chuo chake, ya rangi ya chungwa, yenye maziwa mazito ya kopo na barafu mpaka juu. Sasa anaitaka bila moto na bila ng'ombe. Jana asubuhi akatia majani ya chai kwenye chupa kubwa ya kioo pamoja na iliki, vanila na kile kiungo chenye umbo la nyota, akajaza maji ya bomba, akaiweka dirishani penye jua. Utamu ni tende alizoloweka na kuziponda. Maziwa ni tui la nazi alilokamua kwa maji baridi, na rangi akaiongezea kwa maji ya karoti. Nikamwuliza, kwani majani ya chai hayakaushwi kwa moto huko kiwandani? Akacheka. "Hilo nimelifumbia macho, Shangazi." Sikuwa nimemsikia akicheka tangu aje.

Lakini mama aliiona ile chupa. Na maji kwa mama unayajua. Tangu pacha wako atutoke kwa yale maji ya kisima mliyokunywa pamoja, wewe ukapona yeye akaenda, hakuna tone linaloingia kinywani mwa mtu humu ndani bila kuchemshwa, hata la kupigia mswaki. Binti yako alikuwa akinywa maji ya chupa ya dukani, kwa hiyo jambo hili halikuwa limezuka. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mama akaja mpaka kwenye cherehani, akaniuliza mimi, si yeye, "Maji yale yamechemshwa?" Nikasema hapana. Akakaa, mikono mapajani, macho dirishani. Mimi nikashona mkono wa shati kinyume, nikaufumua, nikaushona kinyume tena.

Mchana binti akaleta bilauri, akampa bibi yake kwa mikono miwili. Mama hakuipokea. Akauliza barafu ni ya maji gani, akaambiwa ni ya bomba vilevile.

"Hata chai yangu, Bibi?"

"Na chakula changu je?"

Nilitamani kuwa mahali pengine. Binti akaiweka ile bilauri mezani, akainua yake ili anywe. Ndipo mama, ambaye siku hizi kusimama tu ni kazi, aliruka kutoka kitini, akampokonya na kuinywa yote akiwa amesimama, barafu zikigonga meno. "Kama ina lake, lianze na mimi," akasema. Akaichukua na ile ya mezani akaimwaga, akaingia chumbani, akafunga mlango.

Binti yako alidhani ametukanwa. Akaenda moja kwa moja kwenye begi. Ikabidi nimwambie, mdogo wangu, hapo hapo mlangoni, nikiwa na futi ya kupimia shingoni. Nilikuwa na hasira nawe. Mtoto amekua mpaka amemaliza chuo, hajui kwamba baba yake alizaliwa na mwenzake. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaingia jikoni, nikasikia kiberiti.

Alichemsha sufuria nzima, akaifunika kwa kitambaa kama afanyavyo bibi yake. Hata barafu akaigandisha upya. Mimi nilishinda nikitega sikio upande wa choo, lakini tumbo la mama halikusema kitu. Leo asubuhi binti akaloweka chai kwa maji yale yaliyopoa, na ilipokolea akagonga mlango. "Bibi, maji yamechemka. Nimelifumbia macho na hili." Mama akafungua. Akanywa kidogo, akanywa tena, akasema karoti imezidi. Wakakaa kitanda kimoja.

Kisha binti akauliza, "Alikuwa anaitwa nani?" Mama akanitazama. Mimi nikatazama sakafu. Unakumbuka kwamba kila tulipomtaja ulilia mpaka unakauka sauti, na ndiyo maana tukaacha. Nikamwambia hilo atalisikia kwa baba yake. Begi lake bado limefungwa, liko kando ya mlango, nalivuka nikienda kuanika nguo.

Msalimie sana wifi, na watoto wote wawili hapo nyumbani. Shemeji yako naye angekusalimu kama angekuwapo. Mungu akulinde, akupe moyo wa jambo hili, maana najua si jepesi kwako.

Mama anakusalimu. Nilimwuliza kama ana neno la kuongeza. Amesema nikuandikie kwamba mbele za watu aliacha kumtaja kwa ajili yako, lakini kila anapoinjika maji, humwita.

Wako akupendaye siku zote,
Dada yako, Fundi.