Chumba Ulichompa Mama Enesi

Kamwene, Mama.

Sijui huko uliko mnasalimianaje, mimi nakusalimia kwa Kihehe chetu. Uitikie ukipenda. Usipoitikia pia sawa, maana leo nimekuja na hasira.

Mama Enesi amenipigia simu jana. Yule jirani yako wa mashine ya kusafisha damu, wa kiti cha pili pale kliniki Mbeya. Anasema mshipa wa mkono wake umegoma, sindano haziingii tena, na daktari amemwambia aachane na mashine ahamie kwenye ile mifuko ya maji ya tumboni, ambayo mtu hubadilishiwa nyumbani. Sasa nyumbani kwake ni chumba cha kupanga, choo cha wapangaji wote, vumbi mpaka mlangoni, na mwanawe dereva wa malori yuko Zambia zaidi ya anavyokuwa Mbeya. Nikampa pole. Nikadhani yameishia hapo. Ndipo akaniambia kwa sauti ya chini kwamba wewe, kabla hujafa, ulimwambia likimfika jambo kama hilo aje Iringa, hapa Ipogolo, kwangu mimi binti yako Anastazia, kuna chumba.

Mama! Chumba kile?

Hebu nikukumbushe, naona umesahau. Figo zako zilipokataa kabisa, daktari alituweka chini akatupa njia mbili. Ya kwanza, ubaki Mbeya kwa mdogo wangu Devota, uwe unaenda kliniki mara tatu kwa wiki kusafishwa damu kwa mashine. Ya pili, uwekewe mrija tumboni, urudi Iringa ukae kwangu, tukubadilishie maji asubuhi, mchana, jioni na kabla ya kulala. Mimi sikusubiri hata useme. Nilirudi nyumbani nikavunja banda la kuku lililokuwa chini ya dirisha, kuku nikawagawa. Nikaweka vigae, neti mpya, rangi nyeupe ile ya kufutika. Fundi wa kuchomelea akanitengenezea ndoano ya chuma ya kutundikia mfuko, nikaipima mwenyewe kwa kulala kitandani. Kitanda nikakiweka upande ambao ukiamka unaona mji kule juu kilimani.

Na kwa kuwa mimi mchana niko shuleni nafundisha, mume wangu Baba Kelvin akajitolea kukubadilishia ya mchana. Gereji yake si iko pale pale nyumbani. Tulikuja wote Mbeya kufundishwa. Unakumbuka mume wangu alivyonawa mikono siku ile? Mpaka viwikoni, ukucha mmoja mmoja, yule mtu wa grisi! Nesi akasema hajaona mwanaume mwenye mkono mwepesi namna ile. Mimi kichwa kikavimba. Wangapi wana mume wa hivyo? Nikakugeukia nikuone ukifurahi. Ulikuwa unatazama sakafu, umekivuta kitenge mpaka kwenye vidole vya miguu. Ukasema, "Tutaona."

Na mimi nakujua. Tangu utotoni "tutaona" yako ni hapana iliyovaa nguo za kanisani. Nikiomba viatu vya sikukuu, tutaona. Nikiomba kwenda mnadani na wenzangu, tutaona. Na kweli, wiki ile ile ukachagua mashine, ukabaki Mbeya kwa Devota.

Niliona wivu, Mama. Nisemeje tena? Wivu mpaka chakula hakipiti. Devota huyo ambaye hata chai anaunguza! Nikajiambia amekulainisha kwa maneno, ndiyo kawaida ya vitinda mimba. Akinipigia kuniambia leo Mama kacheka, leo Mama kala viazi viwili, vimechemshwa na maji yakamwagwa kama nesi alivyosema, mimi najibu "haya" nakata simu.

Kumbe naye analia upande wake. Tulipokutana kwenye arobaini yako aliniambia, dada, usinionee kijicho, hata mimi sikuwa naye. Siku zisizo za mashine ulikuwa unakaa kwake kama mgeni anayesubiri gari. Siku ya mashine unaamka kabla ya jogoo, unajipaka mafuta, unauliza bodaboda imefika. Unamwahi Mama Enesi.

Halafu kile kikapu. Sijakisahau. Wewe sindano mkono wa kushoto, yeye mkono wa kulia, basi mkono wako mzima na mkono wake mzima mkasuka kikapu kimoja cha milulu, zile nyasi zako za kusukia, huku nesi anawagombeza mtulie. Alikuja nacho kwetu Tosamaganga kwenye msiba wako, kakipakata, analia kuliko sisi uliotuzaa. Watu wakawa wananiuliza yule ndiye dada yenu mkubwa? Mimi nilipokuwa mdogo niligusa milulu yako ukanichapa kofi mkononi. "Wewe soma, haya niachie mimi." Nikasoma. Nikawa mwalimu, na mpaka leo sijui kusuka hata kifuniko cha chungu.

Kwa hiyo jana kwenye simu nilishindwa kujizuia. Nikamwuliza, kama chumba changu kilikuwa kizuri cha kugawia watu, mbona Mama mwenyewe hakukitaka? Halafu akacheka, kile kicheko chake cha kukohoa, akasema: Jamani, mwalimu, wewe Mhehe gani? Mama yako angemfunulia tumbo mkwe wake?

Nilikaa chini pale pale kwenye kizingiti.

Baba Kelvin. Ambaye miaka yote hii hujala naye meza moja. Akikohoa getini, wewe unazungukia nyuma ya jiko. Ukitaka kumpa kitu unamtuma mtoto. Na huyo ndiye niliyemfundisha kukusafisha tumbo, nikamsimamisha mbele yako anawe mikono, nikajisifu kwa manesi! Nilikuwa natazama upendo wake tu. Kitenge chako nilikiona kinashuka, nikadhani ni baridi ya Mbeya.

Lakini na wewe, Mama! Si ungesema? Neno moja tu, "mkwe", ningeelewa. Ningemleta shangazi akae mchana, ningeomba ruhusa shuleni, ningefanya lolote. Mtu baki ukamweleza, mimi niliyetoka tumboni mwako ukaniachia "tutaona". Hapo ndipo panaponiuma hasa, kuliko Devota na kuliko kikapu.

Mama Enesi anasema ulikuwa unawasimulia chumba changu. Mkianza kusikia baridi ya mashine, unaanza: "Kwa binti yangu Ipogolo..." Rangi, vigae, dirisha, mji kule juu. Mpaka wagonjwa wenzako wakajua ndoano iko upande gani wa kitanda. Hukukilalia hata mara moja, na wageni wa Mbeya wanakijua kuliko ndugu zetu. Nililia, Mama. Nilifurahi na nikaona wivu kwa pamoja, sijui kama inaruhusiwa.

Tangu ufe kilikuwa kimefungwa. Baba Kelvin aliomba aweke matairi, nikamnunia wiki nzima. Leo asubuhi nimekifungua. Nimefagia, nimepiga deki, nimefuta ndoano kutu. Yule mama hana haja ya kumkimbia mume wangu, si mkwe wake. Mikono ile iliyonawa kwa ajili yako itamhudumia yeye, na nikiandika hivi kalamu inachana karatasi. Ila nikikataa atawekewa mrija arudi nao kwenye vumbi lile, na sote tulifundishwa uchafu ukiingia mle tumboni unafanya nini. Siwezi kumwua mtu kwa wivu. Wivu wangu ni mkubwa lakini haujafika huko.

Basi akishawekewa mrija anakuja. Baba Kelvin atampokea stendi.

Wewe lala, Mama. Mvua zikikatika nitapanda Tosamaganga kukupalilia, nimeona majani yameanza kukuvamia. Nakuahidi nitanawa mpaka viwikoni kila mara, sitaharakisha, na nitamshika kama ambavyo ningekushika wewe. Sharti langu nimeshampa: anifundishe kusuka, maana sasa mikono yake yote miwili iko huru. Akakubali haraka mno, nikakasirika tena. Mto wa maua niliokuwekea mle kitandani simpi, huo nalalia mwenyewe.

Na akiniita "mwanangu", siku ya kwanza siitiki. Siku ya pili, tutaona.

Ni mimi, kifungua mimba wako,
Anastazia