Usiniitikie Tena, Mama

Mama,

Shikamoo. Nimesimama kidogo hapo, kwa sababu hapo ndipo ungeitikia halafu uniulize nimekula nini. Nimekula. Ugali na likolo la majani ya maboga, nimeliunga kwa karanga kama ulivyokuwa ukitaka, ila chumvi imezidi.

Nakuandikia kwenye daftari langu la vipimo, hapa hapa kwenye cherehani, kati ya kiuno cha mteja mmoja na mabega ya mwingine. Kaka Beda amevuna mahindi yako, amepata pungufu ya mwaka jana na anasema ni mbegu. Baridi imeshika Songea, asubuhi milima ya Matogoro haionekani kabisa. Kitenge chako cha kanisani sijakikata. Mke wa Beda anakitaka, nikamwambia kina doa. Hakina doa, Mama, nimemdanganya tu.

Lakini si mahindi wala kitenge vilivyonifanya nishike kalamu. Ni lile daftari la jumuiya.

Siku wanajumuiya walipokuja kusali kwetu baada ya arobaini yako, nilikuwa jikoni nachemsha chai. Mzee Komba, mwenyekiti wenu, akaanza kuita majina ya mahudhurio. Lako alipolifikia alikohoa, akalipita. Kisha akaita langu. Nikasimama na birika mkononi, nikisubiri uitikie. Sikuwa nimesahau kwamba tumekuzika. Ni mazoea tu. Miaka kumi na minne umekuwa ukiniitikia wewe, na siku hiyo nilikuwa hatua tano kutoka walipokaa, mzima wa afya, sauti ikagoma kutoka. Akarudia jina langu. Wapi. Akaendelea na jina la jirani.

Unakumbuka tulivyokuwa tukiishi. Kila Jumamosi alfajiri unajifunga khanga, unanigongea mlango mara moja tu, na mimi nasema nina nguo za watu. Ukirudi unanikuta naweka uzi. Unaniambia, "Nimekuitikia." Nasema ahsante, Mama, kama mtu aliyeletewa chumvi kutoka dukani. Wakiuliza niko wapi, ulikuwa na majibu yako: yupo, ana wateja, yupo, kichwa kinamsumbua, yupo, yuko njiani. Niko njiani miaka kumi na minne, jamani, kutoka chumba cha uani.

Hata yule mwalimu Mmoraviani kutoka Mbeya, mpangaji wetu, aliponiuliza siku moja mimi naamini nini hasa, nilimwambia akuulize wewe. Alicheka, akadhani namtania. Nami nilicheka. Usiku ule swali hilo sikulifikiria, wala kesho yake. Ndio kwanza nalifikiria sasa, nikiwa na miaka thelathini na sita.

Sasa sikia kilichotokea. Kandida, binti yake Beda, alikuwa anajiandaa kupokea kipaimara. Akaja hapa kwenye cherehani na sare yake ya shule, akasimama pale unapopajua, akasema, "Shangazi, nataka wewe ndiye uwe msimamizi wangu." Nikakubali kabla hajafunga mdomo. Nilijisikia mtu. Ila msimamizi lazima apate barua ya jumuiya, kwamba ni muumini anayeshiriki. Nikaenda kwa Mzee Komba. Akafungua daftari, akanionyesha jina langu na vile vijialama vya vema, mstari mzima, ukurasa baada ya ukurasa. Mpaka siku ulipotutoka, hakuna hata pengo moja. Akaandika barua papo hapo, akapiga mhuri.

Barua hiyo nimekaa nayo siku tisa ndani ya kisanduku cha bobini. Kila nikitoa bobini naiona. Ilikuwa inasema mimi ni mshiriki mwaminifu. Mshiriki mwaminifu alikuwa wewe, Mama, na ukashiriki mara mbili, kwa zamu yako na kwa yangu. Mimi ningeweka mkono kwenye bega la mtoto wa watu mbele ya Askofu, niseme nitamwongoza. Nimwongoze kwenda wapi? Roho ilinisuta mpaka nikakata mkono wa gauni la mteja kinyume.

Na ujue kilichonizuia. Haikuwa aibu yangu, hiyo nimeizoea. Nilikuogopea wewe. Nikisema ukweli, watu watasema marehemu alikuwa anadanganya kwenye sala. Nikinyamaza, uongo unakuwa wangu, tena ninamrithisha Kandida. Nilikukasirikia, Mama. Nakwambia wazi. Nilikaa hapa nikasema peke yangu, kwa nini hukuniacha hata Jumamosi moja jina langu likaitwa na kukosa mtu? Ulikuwa unanipenda, najua. Ulidhani unanibeba kumbe umenikalisha chini.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda jumuiya. Nilikaa karibu na mlango, kwenye ukingo wa mkeka. Mzee Komba hajaanza hata kuita majina, nikainuka nikamrudishia barua yake. Nikasema alama zile ni za mama yangu, mimi sikuwepo hata mara moja, na hata hizo sala nyingine nimezisahau. Nikashika ukuta. Beda alinitolea macho. Akasema, "Unamwanika Mama hadharani." Ni kweli nilikuwa nakuanika.

Mzee Komba alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena. Akasema, "Tulijua, mwanangu. Wote tulijua, na mama yako alijua kwamba tunajua. Tulikuwa tunakungoja."

Kumbe, Mama. Kumbe mlikuwa mnajua wote, na wewe ulijua kwamba wanajua, na bado uliinua uso kila Jumamosi ukasema yupo. Nililia pale mbele za watu, kitu ambacho hata makaburini sikukifanya.

Kandida alisimamiwa na mama wa jirani, yule wa nyumba ya mlango wa bluu. Hakuninunia, ila siku mbili hakunisalimia kwa ile sauti yake. Gauni lake jeupe nimelishona mimi, na pindo nimelipiga kwa mkono. Nilikaa benchi la nyuma yao. Mimi nilipopokea kipaimara nilikuwa nawaza viatu vilivyonibana, na ulikuwa nyuma yangu unanong'ona majibu ili nisikosee. Safari hii Askofu alipouliza kama wanasadiki, nami nilijibu, polepole, swali moja moja. Moja sikulijibu, kwa sababu sikuwa na uhakika nalo. Nimeshamwambia padre kwenye kitubio. Hakunifokea. Alisema niendelee kuja nalo hivyo hivyo.

Sijui kama nitaamini kama ulivyoamini wewe. Kuna asubuhi nasali na kuna asubuhi naona nasemea kuta. Beda bado ana kinyongo, ila juzi kaleta debe la mahindi, kaliweka mlangoni bila neno. Cherehani sasa nafungua saa tatu siku ya Jumamosi, na wateja wangu wamekuwa wakali. Watazoea. Mzee Komba alinifungulia ukurasa mpya. Una alama sita na mapengo mawili. Mapengo ni yangu pia, na nimemwambia ayaache yalivyo.

Basi Mama, pumzika. Umeamka alfajiri za kutosha, zako na zangu. Kuja nitakuja mwenyewe, hata nikichelewa, hata nikiwa na swali lile mkononi. Hilo nakuahidi. Na huko uliko, siku watakapofungua daftari wakaita jina langu, nakuomba unyamaze. Ukinitafuta kwa macho sawa, lakini usiniitikie. Nataka unisikie mimi.

Mwanao,
Skola