Kumbikumbi wa Unyoya

Jumanne, mvua imekatika

Iwe wazi kwa vizazi vijavyo kwamba leo jogoo wa nyumba hii ametoa manyoya mawili ya mkia kwa ajili ya elimu. Hakuulizwa.

Niliyafunga kwenye ndoana kwa uzi wa cherehani, nikapata kumbikumbi ambaye hata mamake angemwitikia.

Tangu tumzike mama, baba humeza matonge mawili kisha huisukuma sahani. Naogopa. Perege ndio kitoweo chake, na kumbikumbi wakitoka baada ya mvua, perege huja juu ya maji kuwadaka. Nikamwomba twende naye lamboni. Alikubali kwa kukosa nguvu za kukataa.

Kumbikumbi walikuwa wakianguka majini kwa mamia, na perege wakiwadaka kila upande wa unyoya wangu. Huyo wangu hawakumgusa.

"Mwanangu," baba akasema, "watu wako harusini, wewe wawapelekea pilau ya karatasi?"

Akacheka. Baba! Kisha akavua kofia, akaanza kuokota kumbikumbi wa kweli nyasini hadi ikajaa.

Jioni mke wangu amewakaanga kwa chumvi. Baba amewala kwa sima, akafuta sahani kwa kidole, akauliza, "Mkaza mwanangu, hawakubaki wengine?" Mke wangu alikimbilia jikoni, na alijua hakuna kitu jikoni.

Kesho huenda akarudia matonge mawili. Sijui. Ila leo...

Samaki hatukupata hata mmoja.