Rundo Moja Lililohesabiwa Mara Sita

Kituo cha Walinzi wa Msitu,
Chumba cha Stoo,
Tarehe 19, mwezi wa nane.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba goti limeacha kukusumbua unapopanda ngazi za huko kwenu. Mimi mwili hauna neno, ukiacha kupe wawili niliowatoa kwenye kisigino jana na ukungu ulioingia mpaka kwenye shuka. Usishtuke kuona anwani imebadilika. Sasa hivi nalala kati ya magunia ya nyaya na mapipa ya mafuta ya taa, na usingizi ninaoupata humu sikuupata kule kambini.

Buti ulizonitumia zilifika na zimenikaa vizuri. Kambi nzima zilikuwa jozi mbili tu zenye matope, yangu ikiwa mojawapo, na hilo peke yake lingetosha kukueleza habari ya watu wa kule.

Uliuliza wenzangu wakoje. Nilitarajia kukuta watu walioacha raha zao kwa kuupenda msitu. Nilikuta watu kumi na wawili waliojitolea, na kumi kati yao wamejitolea kupigwa picha. Mmoja ndiye kinara wao, nasi tunamwita Picha. Anashika shina la mti, anatazama juu, anaganda, mwenzake anabonyeza, basi, kazi ya siku imeisha. Anamumunya peremende tangu asubuhi, makaratasi yake ya bluu anayaangusha njiani, halafu jioni anawaandikia rafiki zake jinsi anavyookoa viumbe.

Mkuu wetu anaitwa Profesa, ingawa si profesa. Jina alijipa mwenyewe, tukaona tusimnyime starehe hiyo. Ana kizibao cha mifuko kumi na mmoja, na kwa miezi mitatu sijaona kitu kikitoka humo isipokuwa kitana. Msituni ameingia mara mbili: mara ya kwanza akisindikiza wageni, mara ya pili akitafuta mtandao wa simu. Ukimsikia akihutubia wakati wa chai utadhani wanyama wote wamezaliwa mikononi mwake. Debe tupu, Shangazi, na hata mtikiso halisubiri.

Kazi yenyewe, niwie radhi kama unasoma ukiwa mezani, ni kuhesabu mavi. Paa wa huku ni wadogo na waoga, unaweza kukaa mwezi usimwone hata mmoja. Kwa hiyo unatembea polepole kwenye njia iliyofyekwa ikanyooka, na kila rundo la kinyesi unaloliona unalipiga picha na kuliandika. Marundo mengi, paa wengi. Marundo machache, paa wanakwisha. Vikundi vitatu vilikuwa vinapokezana njia zile zile. Hata mtoto wa chekechea angeuliza: rundo nililohesabu leo, kesho mwenzangu akilikuta itakuwaje?

Wenye shahada hatukuuliza. Aliyeuliza ni mfyekaji wa njia, mama mmoja anayeitwa Mama Panga, mwenye jozi ya pili ya buti zenye matope. Shule aliiachia njiani, lakini msitu ule ameutembea miaka kumi na minane. Sisi tukishahesabu rundo, yeye alilisukuma nje ya njia kwa kijiti, ili anayekuja nyuma asilihesabu tena. Hakutoa hotuba wala hakudai sifa.

Profesa aliposikia, alimkemea mbele yetu sote. Kwamba anaharibu takwimu, kwamba mavi hayo ni mali ya sayansi na yasiguswe na mtu. Tulicheka, na Picha alicheka mpaka peremende ikamdondoka. Mama Panga akatupa kijiti chake na tangu siku hiyo akawa anafyeka tu.

Miezi miwili baadaye hesabu ikatoka: paa wameongezeka mara tatu! Profesa alivimba kichwa, hapo kambini hapakuwa na pa kupita. Habari ikafika idara ya misitu, na wakubwa wa idara, ambao nao msitu wanaujua kwa kuuona kwenye kalenda, wakafurahi. Wakasema kama paa wameshamiri hivyo, kituo cha walinzi kilichoko kijitoni ni cha nini tena? Walikuwa wakingoja ripoti yenyewe tu, kifungwe mwisho wa mwezi.

Kituo hicho kina walinzi wanne. Ndio wanaong'oa mitego ya waya, na magunia ninayolala nayo ni ya nyaya walizozitoa tangu mwezi wa tano. Wakiondoka hao wanne, paa hawamalizi mwaka. Hilo kila mtu kambini alilijua, na kila mtu aliendelea kunywa chai.

Kuingiza takwimu za ripoti hiyo kwenye kompyuta nilipewa mimi, kwa kuwa, alisema Profesa, nina mwandiko mzuri. Naam, mwandiko, kwa kompyuta. Siku ya tatu nikaona picha ya rundo lililokaa kando ya karatasi ya peremende ya bluu, pembe yake moja imebanwa na mzizi. Baada ya picha arobaini hivi nikaiona tena karatasi ile, kwa kikundi kingine, tarehe nyingine. Halafu tena. Rundo moja lilikuwa limehesabiwa mara sita. Uchafu wa Picha ndio kitu pekee cha maana alichowahi kuufanyia utafiti wetu.

Nilimpelekea Profesa picha zote sita. Alizitazama kwa jicho la pembeni, kama anayeonyeshwa picha za harusi ya watu asiowajua.

"Binti, sayansi haifanywi kwa makaratasi ya peremende," alisema. "Ripoti inaondoka Ijumaa. Tia sahihi yako hapa, nami natia yangu kwenye cheti chako."

Akanisogezea kalamu. Ni cheti kile kile ulichoniomba nikutumie picha yake uwaonyeshe ndugu, kile ambacho Baba ameshakinunulia fremu. Mwenyewe unajua nimekaa nyumbani miaka miwili na shahada yangu kabatini, na kila ofisi niliyogonga iliniuliza nimewahi kufanya kazi wapi. Nilikihitaji, Shangazi. Sitajifanya sikukihitaji.

Nilijilaza kitandani mchana kutwa nikiwatukana moyoni mmoja mmoja. Nilianza na Profesa, nikamfuata Picha, nikaenda kwa wale wakubwa wa kalenda. Nilipowamaliza nikabaki na mtu mmoja, maana sijakwambia ni nani aliyemshitaki Mama Panga.

Ni mimi. Wiki ya kwanza, nikitaka nionekane hodari, nilimfuata Profesa mpaka kwenye kiti chake cha kamba nikamwambia kuna kibarua asiye na elimu anatuharibia sampuli. Hilo neno sampuli nililitamka kwa madaha, ungenisikia ungenizaba kofi. Na siku anakemewa, nilicheka kumzidi Picha. Nyani haoni kundule, na kwenye msitu ule nyani tulikuwa wengi kuliko paa. Naona aibu mpaka sasa ninapoandika.

Ijumaa sikutia sahihi. Nilichapisha zile picha sita, nikavaa buti zako, nikaenda kwa miguu mwendo wa saa mbili mpaka kituoni, nikamkabidhi sajenti wa walinzi. Kwanza alicheka. Kisha akazitazama tena, akapanda pikipiki akazipeleka idarani mwenyewe. Jumatatu amri ikaja kwamba njia zote zihesabiwe upya chini ya walinzi, na kituo kisiguswe mpaka hesabu ikamilike.

Profesa aliniita msaliti. Alikichana cheti vipande vinne, taratibu, akavitia kwenye mfuko mmoja wa kizibao chake. Angalau nimejua mifuko ile ni ya nini. Kisha akanipa dakika kumi niwe nimeondoka kambini, na sajenti akanisafishia pembe hii ya stoo.

Nilimwendea Mama Panga kumwomba radhi. Nilikuwa nimepanga maneno mengi mazuri, nikayasema yote. Alikuwa ananoa panga, hata kichwa hakuinua.

"Nilijua ni wewe," alisema. "Wale wengine hawakuwa hata wanaangalia ninachofanya." Kisha akanitupia kijiti. "Haya, beba hicho. Njia ya kwanza ni ndefu."

Jana tumeimaliza hiyo njia ya kwanza. Kwenye ripoti ya Profesa ina marundo sitini na moja. Tulihesabu, yeye akiita na mimi nikiandika, kila rundo nikilisukuma nje kwa kijiti. Tulipata tisa. Nikarudi peke yangu tangu mwanzo nihakikishe, nikijua sitapata zaidi. Sajenti anasema kwa hesabu hii hakuna mwenye uso wa kuja kufunga kituo. Nilishinda, Shangazi, kisha nikakaa chini ya mti nikalia, kwa sababu tisa ni kidogo mno.

Nisalimie binamu zangu wote, hasa kitinda mimba wako anayetaka kuwa rubani. Mwambie asome hesabu. Nisalimie na yule jirani yako mwenye paka, anayeniombea kila Jumapili bila kunijua. Baba akikupigia simu, mwambie fremu asiitupe. Mungu akupe goti jipya na akuachie ulimi wako ule ule.

Cheti sina. Ndani ya bahasha utakuta karatasi ya bluu ya peremende. Niliitoa chini ya mzizi jana, rundo lenyewe lilishaoza kitambo. Ndugu wakikuuliza nimepata nini huku, waonyeshe hiyo. Wakicheka waache wacheke, mimi zamu yangu ya kucheka nilishaimaliza.

Akupendaye kwa dhati,
Binti wa kaka yako, mwenye buti zako.