Kilio cha Sista Yudita

Kwa mama yangu mpenzi,

Shikamoo mama. Mwanao ni mzima, nakula vizuri na usingizi napata. Wewe je, kifua kimepoa? Baridi ya Lushoto ya mwezi huu naijua, usiende kuchuma mboga kabla jua halijatoka. Na wewe Mwanaidi mdogo wangu, unayemsomea mama, soma polepole na usiruke mahali. Nakujua kwa kukimbilia mwisho.

Huku Dodoma upepo unavuma mpaka vumbi linaingia kwenye chai. Ugali wa uwele nimeuzoea, na ule mlenda, ambao mara ya kwanza ulikuwa unaniteleza vidoleni watu wakinicheka, sasa nauomba mwenyewe. Kazi ni ile ile ya kuzunguka kwenye vituo vya afya, kuwafundisha manesi namna ya kuwahudumia watu wenye virusi vya UKIMWI. Sasa hivi niko kijiji kimoja mbele ya Haneti. Dawa za kupunguza makali zimeshafika hadi huku, mama! Mtu aliyekuwa anabebwa kitandani, akizimeza vizuri, anarudi shambani kulima. Lakini nilipofika nilizikuta zimekaa kabatini tu. Hakuna aliyekuja kupima, basi utampa nani dawa?

Sababu niliijua siku hiyo hiyo. Nesi mkuu wa kituo anaitwa Sista Yudita, Mgogo wa hapa hapa. Ni mchapakazi, sindano yake huisikii, ila ana mdomo, mama, we acha tu. Nilimsikia akimwambia dada mmoja aliyekuja na vidonda, "Wakati unayafanya uliniita nikushikie taa? Sasa unanililia mimi nini?" Yule dada aliondoka hata dawa hakusubiri.

Nikaona somo la vidonge lingoje kwanza, tuanze na somo la kuongea na mgonjwa. Huwa tunafanya igizo: nesi mmoja anakuwa mgonjwa, mwenzake anampa majibu, wengine tunatazama. Kila mtu alitaka kuwa nesi. Kuwa mgonjwa hakuna aliyetaka, hata kwa igizo. Nikamwambia Yudita, "Wewe ndiye mkubwa wao, tuonyeshe njia." Akakaa kwenye kiti cha mgonjwa huku anacheka. Mwenzake alipomwambia, "Mama, majibu yanaonyesha una virusi," kicheko kikakatika. Akalia kilio cha kweli kabisa, anasema, "Nitamwambia nini mume wangu? Wanangu nitamwachia nani?" Sisi watazamaji tukajikuta tunafuta macho. Nikampongeza sana.

Nilichosahau ni dirisha. Halina kioo, ni wavu tu, na nje kina mama walikuwa wamekaa wanasubiri kupima watoto uzito.

Kabla jua halijazama, kijiji kizima kilikuwa kinajua kwamba Sista Yudita anao. Kesho yake majirani wakaanza kumletea pole, huyu unga, huyu karanga, mwingine kuku, utadhani pale nyumbani kuna msiba. Lakini maziwa anayouza kila asubuhi hayakupata mnunuzi. Jumapili kwenye benchi la kwaya wenzake wakasogea kidogo, hivi hivi, kama wanampisha. Akanijia amewaka moto. "Wewe Msambaa umenizika nami bado napumua! Mume wangu yuko Makutupora kwenye kazi ya mashamba ya zabibu. Akiyasikia haya kwa watu, mimi nitakuwa na ndoa?" Niliumia sana, mama, hata chakula kilinishinda. Nikaenda mbio kwa mwenyekiti wa kijiji kumwomba aitishe mkutano, awaambie watu lile lilikuwa igizo. Akakubali.

Mume akafika kabla ya mkutano. Hapa wanamwita Baba Sechelela, kwa jina la binti yao wa kwanza. Alikuja kwa baiskeli, vumbi limemjaa mpaka kwenye kope. Mimi na Yudita, hasira zikiwa zimeshuka kidogo, tulikuwa uani kwake tunachambua mboga. Hata salamu hakutoa. Akaiegemeza baiskeli ukutani, akasimama mbele ya mkewe, akasema, "Yudi, njia nzima nimekuwa nikiwaza. Kama unao, ni mimi niliyekuletea. Nisamehe."

Nilitaka ardhi inimeze, maana maneno yale hayakuwa ya masikio yangu. Tulipomweleza mume habari ya igizo, alikaa chini mchangani, akacheka mpaka akakohoa. "Basi nipimeni na mimi," akasema, "maana msamaha nimeshauomba." Nilingoja Yudita aufungue ule mdomo wake. Haki alikuwa nayo! Akainuka, akamletea maji ya kunawa. Wakaenda kupima wote wawili. Majibu ni yao, mama, hata wewe sikwambii, ndiyo kazi yenyewe.

Kwenye mkutano mwenyekiti hakupata nafasi ya kusema. Yudita alisimama mwenyewe. "Ndugu zangu, siku ile tulikuwa tunafanya igizo la mafunzo. Kama ninao au sina, hiyo ni siri yangu, na yenu itakuwa yenu. Ila nimeonja mlivyonitazama kwa jicho la pembeni. Sasa najua kwa nini hamji kwangu. Kuanzia leo, nitakayemfokea aje nyumbani achukue kuku mmoja." Watu wakaangua kicheko. Mzee mmoja akauliza kama na waliofokewa zamani wanahesabiwa.

Kucheka wamecheka, lakini kupima bado hajaja hata mmoja. Maziwa yameanza kununuliwa, nashukuru kwa hilo. Mimi na Yudita tunakula sahani moja, na ametangaza kwamba haniachi niondoke bila kujifunza kusonga ugali wa uwele.

Msalimie baba, mwambie koti lake la sufu ndilo linaloniokoa na huu upepo. Msalimie shangazi, na umtoe wasiwasi: ugonjwa huu hauambukizwi kwa kushikana mikono, wala mimi sijakonda. Babu mwenye shamba la chai naye apate shikamoo yake. Nawakumbuka wote, na wewe zaidi.

Mimi mwanao akupendaye,
Rehema

Mama, bahasha nilikuwa nimeshaigundisha, nimeichana tena. Leo asubuhi amekuja mwanamke mmoja, jina sitalitaja, kanga ameishusha mpaka machoni. Akamwambia Yudita, "Sista, wamenisimulia ulivyolia. Wewe ulikuwa unaigiza, lakini kilio kile ni changu. Mimi sijapata pa kulilia." Yudita akafungua mdomo, nami roho juu. Akasema, "Karibu, mama. Kaa hapa karibu yangu," akamshika mkono. Nimewaacha wawili, nimefunga mlango, nimekuja huku nyuma ya kituo kulia na mimi kidogo, na hili si igizo.